Jicho la Kulia Halijatema

Nchi ninayoisimulia haiko jirani na kwenu. Iko mbali, ng'ambo ya milima ambayo hamjaipanda, na watu wake hawafanani na nyinyi hata kidogo, isipokuwa sura. Kwa hiyo msomaji akimwona shemeji yake humu, kosa ni la shemeji.

Ni nchi ya vumbi. Vumbi jekundu, laini kama unga wa muhogo, linaloingia hadi kwenye yai kabla kuku hajalitaga. Barabara ya lami ipo moja. Imechorwa vizuri sana kwenye ramani ofisini kwa Waziri, na kila mwaka huongezwa urefu kwa kalamu. Mtawala wao anaitwa Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, kwa kuwa ndiye anayelilea, na taifa lenyewe, kwa raha ya kulelewa miaka yote hiyo, limekataa kukua.

Watu wa huko wana desturi moja ya zamani. Mtu akikukosea ukawa na kinyongo naye, hukitoi kwa maneno, maana maneno hata kasuku anayo. Unachukua funda la maji, unalizungusha mdomoni, kisha unamtemea usoni aliyekukosea, au mtu wa nyumbani kwake kama mwenyewe hayupo. Aliyetemewa hajipangusi. Anasema, "Nimelowa, kimekwisha." Waliopo wanajibu, "Tumeona." Basi, yamekwisha. Ukikirudia kinyongo hicho baada ya hapo, hata watoto wanakuzomea.

Serikali ilipoiona desturi hiyo ikaipenda, ikaiingiza kwenye sheria. Ikaandikwa kwamba atakayemkosea Mlezi atakaa gerezani mpaka Mlezi ateme kinyongo. Hakuna kutaja miaka. Mimi mambo ya sheria siyajui, lakini nasikia waliosoma waliisifu kwa ufupi wake.

*

Mbaruku Sengo alikuwa mlinzi wa kizuizi cha Njia Panda ya Kitifu. Kazi yake ilikuwa kuuinua mti gari likija na kuushusha likipita. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye pumu, na mkewe aliitwa Sikudhani.

Gari la Mlezi huwasha taa za mbele mchana kweupe, ili wananchi walioko mbali wajue wakati wa kusimama. Siku moja msafara ulitoka bondeni, vumbi likawa limezifunika taa zote. Mbaruku hakuona taa, aliona wingu jekundu tu linakuja. Akachelewa kuinua mti. Msafara ukasimama, magari arobaini, breki zinalia kama mbuzi wa sikukuu.

Mbaruku akaenda mbio mpaka gari la kwanza, akainama akatazama.

"Ee, ndiyo maana sikuwaona, baba," akamwambia dereva. "Taa zimeziba. Mtamgonga mtu."

Dereva, jina lake Kibwana, hakuwa mtu mbaya. Akatoa kichwa dirishani. "Kweli, mzee. Hebu nipangusie."

Mbaruku akavua kofia yake, akaipangusa taa ya kulia taratibu, kama unavyompangusa mtoto tongotongo. Alipokuwa anageukia ya kushoto, miguu yake haikuwa ardhini tena. Askari wanne walikuwa wamembeba. Gari likaondoka na jicho moja linang'aa na jingine limefumba, na wananchi walioko njiani wakadhani Mheshimiwa anawakonyeza. Wengine wakamkonyeza na wao.

Kesi ilisikilizwa na Hakimu Lugome, mtu msomi mno, ambaye husoma hata karatasi iliyofungiwa maandazi.

"Gari la Mlezi si gari," Hakimu alisema. "Likipita, tunasimama. Likisimama, tunapiga makofi. Mwaka jana lilipopata pancha, taifa liliomboleza siku tatu. Kinachoombolezwa si chuma. Mahakama hii inaona kwamba gari ni mwili wa Mlezi, na taa zake ni macho yake. Mshtakiwa, unatiwa hatiani kwa kumgusa Mlezi jicho la kulia bila idhini."

"Lilikuwa na vumbi, Mheshimiwa," alisema Mbaruku.

"Hilo nalo ni tusi. Andika."

Akapelekwa gereza la Kokotoni, mahali wafungwa wanapoponda mawe kutwa kwa ajili ya ile barabara ya kwenye ramani.

*

Sikudhani alimtembelea mumewe baada ya majuma sita. Akamkuta mweupe kichwa hadi kope, kama mtu aliyeangukia gunia la unga. Mbaruku alikuwa hawezi tena kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja. Alisema, "Mbuzi..." akangoja, akavuta hewa, "...amezaa?"

"Amezaa. Wawili."

Mbaruku akatikisa kichwa kwa furaha, maana kichwa hakidai pumzi.

Wakati wa kutoka, bwana jela alimsindikiza Sikudhani mpaka langoni. "Mama, nikwambie tu. Huyu hakivuki kiangazi. Kama mna mtu mkubwa mnayemjua, mjueni sasa."

Hawakuwa na mtu mkubwa. Sikudhani akafunga safari mpaka Ofisi ya Hisia za Mlezi, akapanga foleni siku mbili, akafika dirishani kwa karani kijana mwenye tai iliyomkaba.

"Naomba Mheshimiwa amtemee mume wangu. Au anitemee mimi, nimekuja na uso wangu huu."

Karani akafungua faili. "Mama, Mlezi hana kinyongo na mwananchi yeyote."

"Alhamdulillahi! Basi mwacheni mume wangu."

"Haiwezekani. Anatoka kinyongo kikitemwa."

"Si umesema hana?"

"Ndiyo. Na asicho nacho atakitemaje? Tumia akili, mama." Karani akamtazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Angekuwa nacho tungekusaidia. Mwenye kinyongo humaliza siku moja. Tatizo lenu ni kwamba Mheshimiwa ana moyo mweupe."

"Sasa huyo moyo mweupe akiwa na kinyongo kidogo tu, nitajuaje?"

"Itatangazwa kwenye gazeti. Wa nyuma!"

*

Lakini msidhani serikali ililala. Tangu siku ile ya kofia ilikuwa na wasiwasi mkubwa: taa za Mlezi zitachafuka tena, na zikichafuka, mwananchi gani mwingine atazigusa? Waziri wa Mambo ya Mbele, Mheshimiwa Mashombo, akaunda tume ya watu kumi na mmoja, ikaenda nchi ya baridi kutafuta ufumbuzi. Ikakaa miezi minne, kwa sababu ufumbuzi ulikuwa karibu na maduka.

Ikaupata. Kule kwa wenye baridi, barabara hutiwa chumvi kama mboga ili barafu iyeyuke, na matope yake huruka yakaziziba taa. Kwa hiyo magari yao yana vipua viwili chini ya taa, kimoja kila upande. Dereva akibonyeza maji ya kioo huku taa zinawaka, vipua vinachomoza, vinazitemea taa maji kwa nguvu, halafu vinarudi ndani kama kobe. Ni kitu cha maana sana. Kule mtu anafika kwake usiku akiwa hai kwa sababu yake.

Waziri akavizindua uwanjani. "Ndugu wananchi!" alinguruma. "Zama za kofia zimepita! Kuanzia leo, jicho la Mlezi litanawa lenyewe! Ni taifa gani jingine, nauliza, ni taifa gani ambalo kiongozi wake ananawa macho huku anakwenda?" Watu wakapiga makofi, maana waliulizwa swali gumu. Jina rasmi likawa Vitakasa-Macho vya Mheshimiwa. Watu wenyewe waliviita vitema.

Sitaki kuonekana mtu wa kulalamika, kwa hiyo nitaanza na faida. Faida ni kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyezigusa taa.

Sasa yale mengine. Kule kwenye baridi, maji yakikutana na matope ya chumvi, matope yanateleza yanaanguka. Huku maji yalikutana na vumbi jekundu, wakapendana, wakawa udongo wa kufinyangia. Na jua la huko likishuka juu ya udongo, ndani ya nusu saa unapata tofali. Taa zikawa na giza kuliko zilivyokuwa kabla ya kutakaswa.

Halafu vitema havichagui. Mwenyekiti wa kata aliinama kusalimu, akapokea la sikio, na hadi leo ukimwita anageuka upande usio wako. Bendi ya taifa ilipata maji ndani ya tarumbeta, na wimbo wa taifa ukawa na bata katikati. Bibi mmoja aliyetoka saluni siku hiyo hiyo alisema maneno ambayo sitayaandika.

Lakini kubwa lilikuwa unywaji. Kila vitema vikitoka, vinafyonza tangi kama ndama. Na tangi ni hilo hilo la maji ya kioo cha mbele. Taa zikinawa mara tatu nne, kioo hakina tone, na dereva anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, miwani ya fundi wa kuchomelea usoni. Magari arobaini, kila moja na tangi lake! Ikaamriwa kwamba visima vya kando ya njia viwe Hifadhi ya Maji ya Macho. Msafara ukitangazwa, akina mama wanawekwa pembeni na ndoo zao mpaka macho yatosheke.

*

Hapo kisimani ndipo Sikudhani alipomwona tena Kibwana. Dereva alikuwa anajaza tangi, Sikudhani yuko wa kwanza kwenye foleni iliyosimamishwa. Kibwana akamtambua, maana walionana siku ile ya kesi, akainamisha uso.

"Shangazi, nisamehe. Mimi ndiye niliyemwambia apanguse."

"Najua. Alinieleza."

"Mbona hakunitaja mahakamani?"

"Alisema una watoto wadogo, na yeye ana wakubwa." Sikudhani akaisogeza ndoo yake kwa mguu. "Hebu nieleze, mwanangu. Hivyo vidude vinajitemea vyenyewe tu, au unaviamrisha?"

Kibwana akafurahi kupata la kujibu. "Mimi nabonyeza maji ya kioo, shangazi. Taa zikiwa zinawaka, bonyezo la kwanza linatoa na vya taa. La pili, la tatu, la nne ni kioo tu. La tano, vya taa tena. Vilitengenezwa hivyo ili kubana maji. Na injini ikizimwa, hesabu inaanza upya."

"Na taa za Mheshimiwa zinawaka mchana kutwa."

"Kutwa."

"Kwa hiyo kioo chako kikichafuka ghafla, bonyezo la kwanza..."

Kibwana akamtazama. Kisha akautazama mfuniko wa tangi, akaukaza zaidi ya ulivyohitaji kukazwa.

"Shangazi," akasema polepole, "mimi kazi yangu ni kuona njia. Kioo kikichafuka, nasafisha. Hata yakimpata nani aliye mbele."

Juma lililofuata Mlezi alikuja Kitifu kuzindua kisima kile kile, kwa kuwa kilikuwa hakijazinduliwa tangu kilipochimbwa na babu zao. Wanawake wakaamriwa kufagia njia. Wengine walimwagia maji kidogo kwanza, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye adabu. Sikudhani alifagia kavu. Alifagia kwa mikono miwili, kwa hasira ya miezi sita, na msafara ulipoingia alikuwa ameinua ukungu, hata jogoo mmoja akawika akidhani kumekucha upya.

Gari la kwanza likapunguza mwendo, likasimama. Mbele yake, hatua mbili, amesimama mwanamke na ufagio, kidevu juu, macho kayafumba, kama anayengoja kunyolewa.

Kibwana akabonyeza.

Maji yakamvaa usoni, paa! Yakachora mifereji miwili katika lile vumbi jekundu. Askari walikuwa tayari wanakimbia, lakini Sikudhani alikuwa na pumzi ya kutosha watu wawili.

"NIMELOWA, KIMEKWISHA!"

Na watu waliopanga mstari, ambao waliambiwa wapige makofi tu, mdomo ukawatangulia, kama mdomo unavyoitika salamu kabla ya mtu kufikiri. "TUMEONA!"

Askari wakasimama. Nao walikuwa watoto wa huko huko. Wawili kati yao walikuwa wameitikia.

*

Sikudhani hakujipangusa. Alikwenda mahakamani kwa miguu, maili saba, na ile mifereji ikiwa imekauka mashavuni.

"Gari ni mwili wa Mlezi, taa ni macho yake," alimwambia Hakimu Lugome. "Ulisema wewe mwenyewe, Mheshimiwa. Amenitemea. Mume wangu atoke leo, maana hali yake si ya kesho."

Wakili wa Serikali akaruka kama aliyekalia siafu. "Mheshimiwa Hakimu, huu ni upuuzi! Lile ni gari tu! Ni chuma, mipira na maji ya bomba!"

Hakimu akamtazama Wakili juu ya miwani. "Rudia, mwanasheria msomi. Ni nini?"

Wakili akafungua mdomo, akaona alichokuwa anakisema, akaufunga. Maana kama ni gari tu, Mbaruku alipangusa taa ya gari tu, na Hakimu alimfunga mtu kwa kuosha. Na kama ni mwili wa Mlezi, Mbaruku amesamehewa. Wakili akajipangusa jasho, akaketi.

Hakimu akaahirisha kesi ili asome. Alisoma siku tatu. Sikudhani akalala kwenye baraza ya mahakama, uso haujanawa, na watu wakimletea uji. Siku ya nne Hakimu akaamuru gari lije litazamwe. Lakini mwili wa Mlezi hauitwi mahakamani, una kinga, kwa hiyo ilibidi ualikwe kwa kadi. Likaja. Likaegeshwa mbele ya ngazi chini ya turubai, taa zinawaka, Kibwana kwenye usukani, na kila mtu akasimama kwa heshima, na Hakimu akatoka nje na joho lake.

Akalizunguka mara mbili, mikono nyuma. Akainama. Akachungulia. Uso wake ukapata nuru.

"Mama," akasema, "ulitemewa na kitema cha upande gani?"

"Sijui, Mheshimiwa. Nilikuwa nimefumba macho."

"Dereva?"

Kibwana akatoa kichwa dirishani. "Cha kushoto, Mheshimiwa. Cha kulia kimeziba na udongo tangu mwezi uliopita."

"Ahaa." Hakimu akajinyoosha. "Jicho la kushoto limetema, nalo halikuwa na ugomvi na mtu. Jicho lililoguswa ni la kulia. Jicho la kulia halijatema. Msamaha huu ni halali, ila haumhusu mfungwa."

Watu wakaguna. Wakili wa Serikali akaanza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akajifanya anaua mbu.

Sikudhani akakitazama kipua cha kulia. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya dagaa, "Na hicho cha kulia, mbona hamkizibui?"

"Nani akiguse, shangazi?" Kibwana alimjibu kutoka dirishani. "Si kuna mtu alifungwa?"

"Wizara inalishughulikia," Wakili akadakia. "Imeundwa kamati ya kipua cha kulia. Itatoa taarifa ya awali baada ya mvua."

"Baada ya mvua," alisema Sikudhani. Akainua mkono, akachomoa pini kwenye mtandio wake. Alishuka ngazi bila haraka. Alipiga goti mbele ya gari, watu wakadhani anaomba dua, akaingiza pini ndani ya kipua cha kulia, akazungusha, akatoa kidonge cha udongo kikubwa kama punje ya mahindi. Akaulaza uso wake pale pale, usawa wa kipua.

"Mwanangu Kibwana," akasema. "Kioo chako kichafu."

Kibwana akakitazama kioo. "Kweli, shangazi. Kichafu mno."

Akabonyeza, vikatema. Cha kushoto kikaenda zake hewani, cha kulia kikampata barabara, tangu paji la uso hadi kifuani, mpaka udongo wa siku nne ukamtoka wote.

"Nimelowa," alisema, na safari hii hakupiga kelele. "Kimekwisha."

"Tumeona," walisema watu wote, na karani wa mahakama, na askari wanne waliokuwa wakililinda gari.

Mahakama ya nchi ile haijawahi kufanya kazi kwa haraka namna hiyo. "Jicho la kulia limetema," Hakimu alisema. "Imeonekana. Lakini pia mwanamke huyu ameligusa jicho la kulia la Mlezi, kwa pini, mbele yangu. Makosa sasa ni mawili, na tema ni moja. Tema moja, kosa moja." Akaishusha sauti. "Chagua, mama. Maji haya ni yako au ni ya mumeo?"

Hapo ndipo Kibwana alipobonyeza tena. Bonyezo la pili: kioo kikalowa. Watu wakaelewa. La tatu. Mtu mmoja nyuma akaanza kuhesabu kwa sauti, wengine wakamfuata. La nne, maji yakapanda kidogo tu kama mkojo wa mzee, yakarudi. "Tano!" watu wakapiga kelele, na Sikudhani uso wake bado uko pale pale kwenye kipua.

Mota ikalia, ziiii. Kipua kikachomoza, kikatazama huku na huku kikavu, kikarudi ndani.

Tangi lilikuwa limekwisha. Ndivyo vilivyo vitema. Vinakunywa kuliko vinavyotoa. Watu watatu wakakimbilia ndoo, lakini askari walikuwa wameshamtoa Kibwana kwenye usukani na kuondoka na ufunguo.

"Chagua, mama," alisema Hakimu tena.

"Ya mume wangu."

"Umefikiri vizuri?"

"Mheshimiwa, yeye ana pumu," alisema Sikudhani, akiinuka na kukung'uta magoti. "Mimi nina ubishi tu."

*

Huko Kokotoni lango lilifunguliwa mara moja kwa wote wawili, ili bawaba zisichakae. Kwa hiyo walikutana katikati ya lango, Mbaruku anatoka na Sikudhani anaingia, na wakapewa muda wa bwana jela kusaini mahali pawili.

"Umefanya nini... wewe mwanamke?" Mbaruku aliuliza.

"Nimezibua. Sikiliza, uji uko kwa jirani, kila asubuhi. Usifagie mwenyewe. Ule mfuko wa majani ya mkaratusi nimeuning'iniza juu ya kitanda, uchemshe ujifukize."

"Lala kando ya pipa," Mbaruku alisema. Akavuta hewa. "Vumbi la mchana... haliendi kule. Na funga mtandio puani, wasikuambie... ni marufuku. Si marufuku. Niliuliza."

"Haya."

"Sikudhani."

"Nenda, baba. Usizungumze, utazimaliza pumzi."

Bwana jela akakohoa. "Lango si sebule, wazee wangu." Akamwingiza Sikudhani, akaubana mlango, akabaki nje na Mbaruku na fomu moja iliyobaki. Kwa kweli alikuwa na haya. Alikuwa amemletea Mbaruku kiti.

"Kuna jambo dogo, mzee, halafu huyo unakwenda zako. Ni utaratibu mpya kwa wanaotoka." Akampa kikombe cha maji na kumwonyesha picha ya Mheshimiwa Mlezi iliyotundikwa langoni, imefunikwa kwa nailoni ili isiharibike. "Unatema mara moja hapo, kuonyesha kwamba na wewe huna kinyongo na serikali. Mimi nasema 'Tumeona', naweka muhuri. Bila muhuri hii fomu haiendi."

Mbaruku akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Akachukua funda. Akalizungusha mdomoni, shavu hili, shavu lile, akiitazama ile picha. Bwana jela akauinua muhuri wake, akaupulizia pumzi ya moto ili wino uamke, akangoja.

Nyuma ya lango, nyundo zilikuwa zimeanza.

Mbaruku akameza.

Akachukua funda jingine, nalo akalimeza, hadi kikombe kikabaki kitupu, akakirudisha kwa adabu.

"Mzee," bwana jela alinong'ona, muhuri bado uko hewani, "hayo yalikuwa ya kutema."

"Samahani, afande," alisema Mbaruku, kwa pumzi moja. "Nilikuwa na kiu."